Bolti Zangu, Nyaya Zako

Ukisikia mtu anasema kwamba mume na mke wakiachana lazima mmoja abebe virago aende zake, ujue huyo hajafika kwenye ile gereji ya kona, nyuma ya duka la vipuri. Pale mume na mke waliachana, wakagawana masufuria, wakagawana vitanda, wakagawana hata mashuka yaliyotoboka, na kesho yake asubuhi wote wawili wakaja kazini kama kawaida. Gereji ilikuwa yao wote. Kuiuza hakuna aliyetaka, na kumwachia mwenzake ndiyo kabisa. Basi wakabaki, kila mtu na kiburi chake, wanafanya kazi chini ya bati moja bila kusemezana.

Baba mtu alikuwa fundi wa giaboksi. Mama mtu alikuwa fundi wa umeme wa magari. Mtaa uliwaita Bolti na Waya, na majina hayo mtaa uliyaokota vinywani mwao wenyewe. Siku ya kugawana, Bolti alisimama mlangoni ameshika spana, akasema, "Kuanzia leo, bolti zangu, nyaya zako. Mimi sigusi waya wako, na wewe usiguse bolti yangu." Mama mtu akajibu, "Afadhali." Likawa ndilo neno la mwisho kuambiana ana kwa ana. Mke akahamia vyumba viwili ng'ambo ya barabara, mume akabaki kwenye nyumba ya zamani, na miaka ikapita juu ya hilo "afadhali" kama gari linavyopita juu ya karatasi.

Usiniulize waligombania nini. Hakukuwa na mtu wa tatu wala kipigo. Mke alisema mume hasikilizi, mume akasema mke anaongea kama anaamrisha, wakanuniana wiki, wakanuniana mwezi, mwisho kununa kukawa ndiyo maisha. Bolti mwenyewe, akilala peke yake na kuikumbuka ile ngumi ya kwanza ya maneno, alishindwa kukumbuka nani aliirusha. Lakini kwenda ng'ambo ya barabara kubisha hodi? Thubutu. Alikuwa tayari kufa na tai shingoni, na hata hiyo tai hakuwa nayo.

Kazi yake, hata hivyo, aliijua. Alikuwa mtu mzito, mkimya, mwenye vidole vinene ambavyo huwezi kuamini vinaweza kuokota kijibolti kilichozama kwenye grisi. Akishusha giaboksi, alikuwa na taratibu yake. Alichukua kadibodi, akaichora kwa chaki umbo la giaboksi yenyewe, halafu kila bolti aliyoifungua akaichomeka kwenye kadibodi mahali ilipotoka, ya juu juu, ya pembeni pembeni. Wakati wa kurudisha, kadibodi ikibaki tupu, kazi imekwisha. Alikuwa akisema kwamba fundi anayebakiwa na bolti si fundi, ni mkusanyaji wa vyuma chakavu.

Mama mtu naye alikuwa na yake. Kila soketi aliyoichomoa aliifunga uzi wa rangi upande huu na uzi wa rangi ileile upande wa pili, nyekundu kwa nyekundu, kijani kwa kijani. Akirudisha, anakata nyuzi na kuzitia mfukoni. Uzi ukiwa umebaki kwenye gari, hakuna kuwasha.

Na baina yao alikuwepo binti. Mtoto wao huyo mmoja alijua namba za spana kabla ya kujua a, e, i, o, u. Yeye ndiye aliyekuwa simu ya nyumba. "Mwambie mama yako stata ya lile gari la bluu iko tayari." "Mwambie baba yako asiegeshe magari juu ya nyaya zangu." Alipokwenda chuo cha ukunga, mji wa mbali, watu walidhani sasa wale wawili watasemezana, maana watafanyaje? Wapi! Bolti alikuwa anampigia binti simu huko chuoni, darasa limetulia, kumwambia amwambie mama yake kwamba betri imejaa chaji. Mama yake yuko hatua kumi kutoka kwake, anamwona anavyopiga. Binti anapiga simu kwa mama, simu ya mama inalia palepale uwanjani, mama anapokea, anasikia, anainuka, anakwenda kuchomoa betri. Msicheke. Ni kweli inachekesha, lakini msicheke bado.

Sasa binti alikuwa amemaliza chuo na amepata kazi kwenye kituo cha afya kilicho mbali na kila kitu. Walimwambia mapema: huko mkunga huitwa saa yoyote, usafiri hakuna, kwa hiyo tunamtaka mwenye gari lake. Aripoti Jumatatu. Asipofika na usafiri, yupo mwingine anayesubiri nafasi hiyo.

Kwenye kona ya uwanja kulikuwa na gari dogo la zamani lililokufa giaboksi, kuku walikuwa wameshaanza kulizoea. Wazazi wakaafikiana, kwa kupitia kwa binti bila shaka, kwamba watalifufua liwe zawadi yao. Baba akatafuta giaboksi ya mtumba iliyo nzima, akashusha ile mbovu, akapandisha hii. Mama akapita nyuma yake na nyaya. Hakuna aliyemwingilia mwenzake. Wiki nzima walipishana kwenye lile gari kama wapangaji wanavyopishana bafuni. Ijumaa jioni kadibodi ilikuwa tupu na nyuzi zote zilikuwa mfukoni.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, binti akakaa kwenye usukani. Baba upande huu, mama upande ule. Akazungusha ufunguo nusu, taa za dashibodi zikawaka zote, nzuri, zinang'aa. Akazungusha mbele.

Tik.

Akarudia. Tik. Basi, hapo tu.

"Mwambie mama yako aangalie betri," Bolti alisema.

"Mama, baba anaomba uangalie betri."

"Mwambie baba yako betri nimeshaipima. Ni nzima kuliko yeye."

"Baba, betri ni nzima."

Hivyo ndivyo alivyokuwa, yule binti. Maneno yalimfikia yana miiba, yakatoka kwake yamemenywa. Miiba ilibaki wapi, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wakaanza kutafuta. Kwanza stata, maana ndiyo inayogeuza injini, na yenyewe ndiyo iliyokuwa inasema tik. Mama akachomoa nyaya zake, akajitenga. Baba akaingia, akafungua bolti zake, akaitoa stata na kuiweka chini. Mama akarudi na betri na vipande viwili vya waya, akaigusisha. Stata ikazunguka kwa nguvu mpaka ikajigeuza kwenye sakafu. Nzima. Ikarudishwa kwa utaratibu uleule, baba bolti, mama nyaya. Ufunguo: tik.

Fyuzi zikakaguliwa moja moja. Zote nzima. Kisha mama akaikagua ile swichi inayozuia gari kuwaka gia ikiwa imeingia. Nzima. Baba, ambaye moyoni alikuwa ameanza kuogopa kwamba giaboksi yake imekaa vibaya na imeikaba injini, akachukua spana kubwa, akaishika puli ya mbele na kuigeuza injini kwa mkono. Ikageuka bila kinyongo. Akashusha pumzi.

Mziba pancha wa jirani, ambaye huziba pancha za magari yote ya mtaa lakini mdomo wake mwenyewe hauzibiki, akasogea na chupa yake ya maji. Watu walimwita Mshauri. Hakuna aliyemwita kwa kumsifu.

"Lisukumeni," alisema.

"Hili ni otomatiki," Bolti alimjibu. "Otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa."

"Mmejaribu?"

"Mshauri, kaa chini."

Mshauri akakaa kwenye tairi na kutoa ile methali ya fahali wawili na nyasi, ambayo alikuwa ameshaitoa kila siku mpaka imekwisha makali.

Bolti akaenda kuitazama kadibodi yake. Tupu. Hata bolti moja haikubaki. Akajisemea moyoni: basi si kwangu, ni umeme. Na upande wa pili alimwona mama mtu ametia mkono mfukoni, anahesabu nyuzi zake, naye uso wake ukasema: basi si kwangu, ni bolti. Kwa muda mfupi Bolti alisikia raha. Ndiyo, raha, tuseme ukweli. Halafu akamtazama binti yake, aliyekuwa bado ameshika usukani wa gari lisilokwenda, na raha ile ikamwia chungu. Baba mzima, alijiambia, unafurahia nini? Mtoto anakosa kazi.

Binti akashuka. Akajifuta mikono, akachukua mkoba wake.

"Naenda kuchukua sare zangu kwa fundi cherehani."

"Sasa hivi?" baba alishangaa. "Na gari?"

"Gari lina mafundi wawili, baba."

Akatoka nje ya geti, hakugeuka nyuma.

Kwanza walimtumia Mshauri. Bolti akamwambia, "Muulize kama amepima umeme unaofika kwenye stata." Mshauri akapiga hatua tatu na kusema, "Anauliza kama kweli ulisomea hii kazi." Mama mtu akampa jibu ambalo sitalirudia, na Mshauri akaligeuza akalitia chumvi na pilipili, na pangechafuka kweli kama isingekuwa kwamba pikipiki moja ilikuja inachechemea na pancha mbele ya kibanda chake. Akaondoka mbio. Waliobaki ni wawili, na gari.

Mama mtu, bila kusema neno, akaingia na kukaa kwenye usukani. Bolti akatandika kadibodi yake chini, akalala chali, akajisukuma mpaka chini ya giaboksi. Alitaka ufunguo uzungushwe. Kusema hakusema. Akagonga chuma kwa spana mara mbili: ko, ko. Juu yake akasikia: tik. Akagonga tena. Tik. Wakaenda hivyo kwa muda, yeye anagonga, yule anazungusha, kama wafungwa wa vyumba jirani.

Akaishika kebo ya gia, ile inayotoka kwenye wenzo wa gia ndani ya gari na kuja kuvuta giaboksi huku chini. Alitaka kujua kama imelegea. Akauondoa mkono upesi. Ilikuwa ya moto.

Akaigusa giaboksi: baridi. Akagusa bomba la moshi: baridi, injini haijawaka hata mara moja, lipate joto wapi? Akairudia kebo kwa ncha ya kidole. Moto kabisa, kama mpini wa sufuria. Sasa yeye maisha yake yote alijua joto la aina moja, la chuma kusuguana na chuma. Na hapa hakuna kilichokuwa kinasuguana. Chuma kimekaa tu, kinachemka. Alifikiri, akafikiri, akafika mwisho wa ujuzi wake. Na alijua vizuri sana nani anaanzia pale yeye anapoishia. Alikuwa amekaa juu yake, kwenye usukani, umbali wa sakafu ya bati.

Tatizo amwiteje. Mke wangu? Si mke wake. Mama Waya? Hilo jina la watu wa mtaani, na nusu yake ni kejeli. "We"? Mtu na heshima zake huwezi kumwita "we" baada ya miaka yote hiyo, kama unamfukuza mbuzi. Akalala pale chini, mtu mzima na mvi zake, anatafuta neno moja. Akakumbuka binti alivyotoka getini bila kugeuka. Akapiga moyo konde.

"Fundi," aliita.

Juu yake kiti kikalia.

"Fundi, njoo ushike hapa. Kuna kitu sikielewi."

Mlango ukafunguliwa. Akaona viatu vyake, kisha magoti, kisha mama mtu mwenyewe akajilaza na kujisukuma, akaja mpaka bega lake likagusana na la Bolti, maana kadibodi ilikuwa moja.

"Hapa wapi, fundi?" aliuliza.

"Kebo. Taratibu, itakuunguza."

Akaigusa. Akaigusa tena, na Bolti akauona uso wake ukibadilika vilevile ulivyokuwa ukibadilika zamani, walipokuwa vijana na wanatafuta ubovu pamoja mpaka wanasahau kula.

"Umeme unapita hapa," alisema.

"Kwenye kebo ya gia? Umeme unatafuta nini huku?"

"Unatafuta njia ya kurudi." Alisema polepole, kama anayejieleza mwenyewe. "Umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri. Taa za dashibodi zinarudishia kwenye bodi, ndiyo maana zinawaka vizuri. Lakini stata imefungwa kwenye giaboksi, na giaboksi imekaa juu ya mipira. Isipokuwa na waya wake wa kurudia, umeme unapita popote utakapopata upenyo. Umepata hii kebo. Ni nyembamba, haitoshi, ndiyo inachemka." Akamgeukia. "Waya wa ethi, huo wa kurudishia, uko wapi?"

Bolti akaanza kupapasa juu ya giaboksi. Mama mtu akawasha tochi, akamulika juu ya giaboksi, na pale, umesukumwa nyuma ya bomba, umetulia na vumbi lake, ulikuwepo waya mnene wenye jicho la shaba mwishoni. Jicho halikuwa limefungwa popote. Bolti yake ilikuwepo mahali pake, imekazwa vizuri sana, imekazwa bila kitu chini yake.

"Nilidhani umeufunga," mama mtu alisema.

"Ni waya. Nyaya zako."

"Kichwa chake kinakaa chini ya bolti. Bolti zako."

"Mimi niliusogeza tu ili usinisumbue. Nikasema mwenyewe atauona."

"Mimi niliuona! Nikasema hauna soketi, sina uzi wa kuufunga, mwenyewe ataukaza akifunga bolti yake."

Wakatazamana. Si rahisi kutazamana chini ya gari, pua zenu ziko karibu mno. Mama mtu akaanza kucheka, kwanza puani tu, kisha tumbo lote. Bolti akajikaza kisabuni, akashindwa. Akacheka mpaka vumbi la sakafu ya gari likamwingia machoni, na machozi yakamtoka, na mimi sitasema yote yalikuwa ya vumbi. Mshauri, aliyekuwa amerudi na tairi la pikipiki mikononi, akaona miguu minne inatokeza chini ya gari inatikisika.

"Niite daktari?" aliuliza.

Bolti akailegeza ile bolti. Mama mtu akalivuta jicho la waya, akalipangusa kwa upindo wa ovaroli mpaka shaba ikang'aa, akalishikilia pale pale. Bolti akakaza.

"Kaza tena," mama mtu alisema.

"Nimekaza."

"Kaza. Ethi haina mchezo."

Akakaza tena. Zamani ile "kaza" ingemkera. Sasa ilikuwa neno tu, na lilikuwa la kweli, bolti ilikuwa inataka robo mzunguko. Mama mtu akatoka chini, akaingia ndani, akazungusha ufunguo. Gari likawaka kwa mkupuo mmoja na kutulia likinguruma.

Bolti alikuwa bado anajifuta mafuta wakati binti aliporudi, mfuko wa sare kwapani. Alisimama getini. Akalisikiliza gari, kisha akawatazama wazazi wake waliosimama upande mmoja wa gari, wote wamejaa vumbi mgongoni.

"Limewaka, mama," Bolti alimwambia binti kwa furaha. Alikuwa akimwita mama tangu alipozaliwa. "Kumbe waya wa ethi haukufungwa! Kitu kidogo hicho. Yaani huwezi kuamini."

"Najua," binti alisema.

"Unajua nini?"

"Nimeuona tangu juzi. Uliponituma chini ya gari kuokota spana. Waya ulikuwa unaning'inia, nikausukuma nyuma ya bomba usinipige usoni."

Mama mtu akalizima gari. Hata Mshauri akaacha kupiga tairi nyundo.

"Uliuona ukanyamaza?" mama yake alisema. "Na Jumatatu unatakiwa kazini? Mwanangu, ungekosa kazi."

"Ningekosa." Binti aliuweka mfuko juu ya boneti. "Nimewasemea tangu meno yangu ya kitoto hayajang'oka. Mwambie baba yako. Mwambie mama yako. Nimewasemea hata nikiwa kwenye mtihani. Huu waya nilipouona, maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nikasema hapana. Huu wataambiana wenyewe. Wakishindwa, basi siendi. Nitaishi hapahapa, maana nikiondoka nani atawaambia lolote? Mmoja ataugua usiku ng'ambo ya barabara, na mwenzake atasikia asubuhi kwa mziba pancha. Sikuwa na hasira, baba. Nilikuwa naogopa."

Bolti akaacha kujifuta mafuta. Alikuwa amejivunia siku zote kwamba yeye na mama mtu hawakumgombania mtoto kama wengine, hawakumvuta huku na huku. Kumbe walikuwa wamemsimamisha katikati na kumwacha pale, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyemshika. Iliuma. Iliuma kuliko siku ile ya kugawana masufuria.

Mama mtu ndiye aliyesema kwanza, macho yameshalowa. Na alimgeukia nani? Alimgeukia Bolti. "Mwambie mwanao hatokosa kazi kwa ajili yetu."

"Mwambie mwenyewe," Bolti alisema taratibu. "Yuko mbele yako."

Basi akamwambia. Akamwambia na mengine, akiwa amemkumbatia, na hayo Bolti hakuyasikia vizuri kwa sababu alikuwa amejigeuza anapanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Alipoona hazipangiki zaidi, akaenda na yeye.

"Tumekuchosha, mama," alisema. "Tusamehe. Nenda kazini."

Kesho yake asubuhi binti alipakia godoro, ndoo, sare na jiko dogo, akaondoka. Mshauri alimjazia upepo tairi zote nne pamoja na la akiba, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakutoa ushauri. Baba na mama walisimama getini mpaka gari likapinda kona. Kisha kila mmoja akaenda kwake. Mambo hayageuki siku moja, wala mtu asikudanganye kwamba yanageuka.

Bolti alishinda siku hiyo na simu mfukoni. Jumapili hakuna kazi, lakini alifagia gereji mara mbili. Jua lilipoanza kupungua, simu ikaita.

"Shikamoo baba. Nimefika."

"Marahaba mama. Umefika salama? Gari?"

"Halikunisumbua hata kidogo. Wamenipa chumba kizuri, kina dirisha. Watu wazuri."

"Haya. Alhamdulillahi, haya."

Akangoja binti amwambie kwamba ameshampigia mama yake, au kwamba ndiyo anampigia sasa hivi. Binti hakusema. Akasema, "Baba, usiku mwema," na akakata.

Bolti akaitazama simu. Akaelewa. Hii simu haikupigwa mara mbili, na haitapigwa. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na mwanamke aliyekaa na simu mapajani tangu asubuhi, anangoja iite, na haitaita, na kama yeye Bolti hatakwenda, mwanamke yule hatolala.

Akavaa kandambili, akavuka barabara. Mlango ule alikuwa anauona kila siku miaka yote hiyo na hakuwahi kujua kwamba rangi yake imeanza kubabuka kwa chini. Akabisha.

"Nani?"

"Mimi."

Ukafunguliwa upesi, kama mtu alikuwa amesimama nyuma yake. Mama mtu alikuwa ameshika simu mkononi, uso umesinyaa kwa wasiwasi.

"Amefika," Bolti alisema. "Amefika salama. Kapewa chumba, kina dirisha."

Mama mtu akafumba macho, akayafumbua. Akajipangusa shavu kwa nyuma ya mkono ulioshika simu. Kisha akamtazama yule mtu mzito aliyesimama kizingitini hajui aondoke au abaki, akasogea pembeni.

"Ingia basi unieleze vizuri," alisema. "Alisemaje?"